Dakika Ishirini za Chausiku

Katika maisha yake yote Chausiku binti Mhina alipewa kazi ya serikali mara moja tu, na kazi hiyo aliipata kwa dakika ishirini. Hakuwa na cheti cha maana. Hakuwa na mjomba Handeni mjini wa kumsemea, wala hakuwa mtu wa kusimama kwenye mikutano na kupaza sauti. Alikuwa na darasa la nne la mkoloni, jembe, binti mmoja aliyeitwa Zamda, na uongo mmoja ambao ungejulikana angefukuzwa kwenye nyumba aliyoolewa. Siku ya kupimwa alisimama mbele ya wanafunzi akiogopa, na alichokiogopa ni ule uongo. Kufundisha hakukumsumbua hata kidogo.

Darasa la nne alilipata hivi. Baba yake, Mhina, alikuwa tarishi wa jumbe. Kila siku alibeba karatasi za watu asizoweza kuzisoma, mpaka siku moja akaapa kwamba katika watoto wake atapatikana mmoja wa kuzisoma. Wavulana wake wawili walitoroka shule wakaenda kuamia ndege kwenye mtama. Aliyebaki ni Chausiku, na mzee Mhina akaona mbaazi zikikosekana, hata kunde hupikwa. Msichana akasoma, peke yake kati ya wavulana thelathini, akajua kusoma na kuandika kuliko wengi wao. Kisha akaolewa na Rehani, mtoto wa Mzee Mdoe, upande wa Mazingara, akaweka kalamu akashika mpini.

Nyumba ya Mzee Mdoe ilishika mila za Kizigua bila mzaha. Mke wa mtoto hamtaji baba mkwe kwa jina. Hamtazami usoni, hamgusi mkono, na akimpelekea chakula hukiweka chini akageuka akaenda zake. Chausiku hakuona tabu. Alikuzwa hivyo, na Mzee Mdoe mwenyewe alikuwa mtu mpole, mwenye maneno machache na kikohozi cha tumbaku kilichomtangulia kila alikokwenda. Miaka yote ile alimjua mkwewe kwa sauti kuliko kwa sura.

Rehani aliondoka mwaka 1969, mwaka ambao mvua iliwaruka watu wa Handeni, akaenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge karibu na Korogwe. Alisema ni msimu mmoja tu. Msimu ukaisha, ikaja barua badala yake. Mzee Mdoe hakujua kusoma, na hakuwa mtu wa kupeleka barua ya mwanawe dukani isomwe mbele ya wanunuzi wa chumvi. Jambo la mtoto ni la ndani, na msomaji wa ndani alikuwa mmoja. Basi mzee akakaa kibarazani juu ya kigoda. Chausiku akakaa ndani, nyuma ya ukuta, khanga kichwani, akafungua bahasha akaanza kusoma kwa sauti.

Salamu alizisoma kama zilivyoandikwa. Kisha macho yakafika mbele kabla ya ulimi. Rehani aliandika kwamba ameoa mke mwingine huko huko, kwamba hana haja tena na mama Zamda, na kwamba anamwomba baba amrudishe kwao, mtoto abaki kwa babu yake. Chausiku akaisikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Kazi huku ni nyingi, baba. Mkonge hauna siku ya mapumziko. Mkiona kimya msiwe na wasiwasi. Nawasalimu wote."

"Basi?" aliuliza Mzee Mdoe.

"Basi, baba."

Ukuta ule wa udongo ndio uliomwokoa. Angekuwa anatazamwa usoni, asingefika mwisho wa sentensi.

Alikosea, na hakuna sababu ya kumpamba. Lakini alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na saba, mashamba mawili aliyafyeka kwa mikono yake, na mtoto wake alikuwa bado anamshika khanga akilala. Aliogopa, ikawa hivyo. Wanaosema njia ya mwongo ni fupi hawajapima njia ya Korogwe hadi Mazingara: uongo wa Chausiku ulitembea miaka mitatu na barua tatu. Mzee alipojibu, yeye alisema na Chausiku akaandika, na hapo hakuongeza wala kupunguza neno, kwa kuwa dhambi ya kusoma aliiona inamtosha. Matokeo yake majibu yakawa yanapishana njiani. Baba anauliza shamba la bondeni lipandwe pamba au mahindi, mtoto anajibu kwa hasira mbona mwanamke bado yupo. Chausiku akisoma anageuza tena, na mzee anatikisa kichwa.

"Huyu mtoto nikimuuliza hili ananijibu lile," alilalamika. "Mkonge umemla akili."

Wakati huo kisomo cha watu wazima kilikuwa kimefika kila kijiji. Kijiji chao kilikuwa na darasa kwenye ghala la pamba, saa kumi jioni, siku tatu kwa wiki. Mwalimu wa kwanza alikuwa kijana wa kutoka mbali mwenye cheti cha darasa la nane, nacho alikiegesha dirishani wanafunzi wakione. Aliwaita wazee "wewe wa nyuma." Aliwanyooshea fimbo kifuani, na mtu akikosea alimsimamisha mpaka mwingine apatie. Watu arobaini na wawili waliandikishwa. Kufikia mwezi wa tatu walibaki sita, na kati ya hao wawili walikuja kwa sababu walipenda kivuli cha ghala. Wanawake wote walikuwa na kuni za kutafuta. Wanaume wote walikuwa na mgonjwa. Mwalimu naye akaondoka na cheti chake.

Hapo ndipo alipokuja Bwana Hiza, mratibu wa kisomo. Alikuwa Mshambaa wa Vugiri, mtu mfupi, mke na watoto wake walikaa Kilole kule Korogwe, na yeye mwenyewe alikaa juu ya baiskeli. Aliitisha mkutano akazungumza bila kuzunguka.

"Nimeajiri watu watatu kwa vyeti," alisema, "na wote watatu wamenifungia madarasa. Safari hii vyeti viacheni nyumbani. Anayetaka kufundisha aje afundishe, nione."

"Amfundishe nani?" aliuliza mwenyekiti wa kijiji.

"Watu kumi wasiojua hata a. Nitawagawa watano watano. Kila mwombaji nampa dakika ishirini na neno moja. Akimaliza anatoka nje, mimi nabaki na wanafunzi wake. Wakiweza kulisoma na kuliandika yeye hayupo, ni mwalimu huyo. Wasipoweza, hata awe amesoma Makerere."

Mzee mmoja alisimama. "Samahani, bwana mkubwa. Hapo mtihani ni wa mwalimu au ni wetu sisi?"

"Mtaufanya nyinyi, mzee wangu. Lakini atakayefeli ni yeye."

Watu wakacheka, na kwa mara ya kwanza tangu kisomo kianze walionekana wanakitaka.

Waombaji walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa Isihaka, kijana wa darasa la saba, mpwa wa mwenyekiti, mwenye mwandiko mzuri na sauti ya kuimbisha watu. Si kijana mbaya, tusimwonee. Wa pili alikuwa Chausiku. Jirani yake Mwaija alimsukuma sana, lakini ukweli ni kwamba sababu alikuwa nayo yeye mwenyewe na hakumwambia mtu. Uongo wake ungefika mwisho siku moja. Siku hiyo ikifika, mke aliyekataliwa anafungiwa khanga zake na kuonyeshwa njia. Mwalimu wa kijiji, aliyeandikwa wilayani, hafukuzwi kirahisi hivyo. Kazi ile ndiyo ingekuwa nguzo yake.

Alimtuma Zamda akamwombee ruhusa kwa babu. Mtoto alirudi mbio.

"Babu amesema uende. Amesema na yeye anakuja, ajifunze."

"Ajifunze? Kwa nini?"

"Anataka kumwandikia baba kwa mkono wake mwenyewe. Amesema pengine wewe unaandika Kiswahili kirefu, baba hakielewi."

Chausiku aliketi chini pale pale jikoni. Barua zote tatu alikuwa nazo mzee, chumbani kwake, ndani ya sanduku, na chumbani kwa mkwe mke wa mtoto haingii. Hakukuwa na njia ya kuzichoma. Mzee akijua kusoma, kitu cha kwanza atakachosoma ni zile.

Siku ya kupimwa ilikuwa Agosti 1973, pamba imeshauzwa na ghala li tupu isipokuwa magunia machache nyuma. Ubao uliokuwepo ni mbao mbili zilizopigiliwa na kupakwa masizi ya betri kuukuu. Bwana Hiza alikata vijiti kumi, vitano virefu na vitano vifupi. Wa vifupi walikuwa wa Isihaka, wa virefu wa Chausiku. Mzee Mdoe akachomoa kirefu.

Minong'ono ikaanza. Mwenyekiti akamwinamia mratibu akamweleza. Bwana Hiza akaitikia kwa kichwa.

"Hata kwetu Vugiri mkwe ni mkwe," alisema. "Tunaweza kubadilisha. Mzee, unasemaje?"

"Kijiti nimechomoa mwenyewe," alisema Mzee Mdoe. "Sibadilishi."

"Na wewe, mama?"

Chausiku alikuwa amesimama pembeni, khanga mpaka kwenye nyusi. Angeweza kusema abadilishiwe. Lakini akaona kitu kingine, kilicho rahisi zaidi. "Mzee akae nyuma, kwenye magunia," alisema. "Si vizuri akae mbele yangu. Nitafundisha." Watu wote waliona ni heshima. Yeye alijua kwamba mtu aliyekaa nyuma, ambaye mwalimu hawezi kumtazama wala kumshika mkono, hatashika kitu, na hakuna atakayemlaumu mwalimu.

Neno lilikuwa "pamba." Isihaka alianza, wanafunzi wa Chausiku wakasubiri mbali, chini ya mkorosho, wasisikie. Isihaka aliliandika ubaoni kwa mwandiko wa kupendeza. Aliwaimbisha mpaka ghala likavuma. Kisha akawageukia, akanyoosha kidole hewani akachora kila herufi uso kwa uso nao, na wao wakamfuata kwa vidole vyao. Ilipendeza kutazama. Dakika zilipokwisha alitoka akijifuta jasho, na Bwana Hiza akabaki na watano wake. Aliporudi mlangoni alitangaza: wote watano wamesoma, walioandika sawasawa ni watatu. Wawili p yao iliangalia nyuma, kwa sababu walifuata mkono wa mwalimu, na mkono wa mtu aliyekuelekea unakwenda kinyume na wako.

Chausiku alisikia ile "watatu" akaihesabu. Alikuwa na watu wanne na mkwe mmoja. Wale wanne wakipatia, kazi ni yake, na mzee atarudi nyumbani akisema haya mambo ya kalamu si ya umri wake.

Aliingia. Mratibu alitaka aite majina kwenye orodha kwanza, na jina la tatu lilikuwa lile ambalo mdomo wake haujawahi kulitamka. Akaweka orodha chini. "Kila mtu aseme jina lake mwenyewe," alisema, "kwa sauti, tulisikie." Wakasema, mmoja mmoja, na kila aliyesema alikaa wima zaidi kuliko alivyoingia. Kutoka kwenye magunia ikaja sauti ya tumbaku: "Mimi ni Mdoe."

Kisha akafanya jambo ambalo Bwana Hiza hajawahi kuliona kwa mwalimu yeyote. Aliwapa wanafunzi mgongo. Hakuwa na ujanja mwingine, kwa kuwa kuwaelekea kulikuwa ni kumtazama mkwe. Aliinua mkono wa kulia juu ya kichwa chake, waziwazi, akasema, "Nifuateni, kama tunavyofuatana kwenda shambani. Nikipinda mnapinda." Akashuka chini, akapanda, akazungusha tumbo la herufi upande wa mkono wa kulia chakula. Mikono mitano nyuma yake ikaenda upande ule ule, kwa sababu wote walikuwa wameelekea huko huko. Akawapa vijiti waandike sakafuni, kwenye vumbi. Akawapitia wale wanne wa mbele, macho sakafuni. Mwaija alikuwa mmoja wao, naye alipata mara ya pili. Mama mwingine akapata mara ya tatu. Zilipobaki dakika tano, wanne wote walikuwa na "pamba" nzuri miguuni pao.

Nyuma kule kijiti kilikuwa kinakwaruza na kusimama. Kinakwaruza, kinasimama. Chausiku alimsikia mzee akifuta vumbi kwa kiganja. Alimsikia akikohoa kile kikohozi ambacho kwa miaka kumi alikijua maana yake: hiki cha kuita maji, hiki cha hasira. Hiki cha sasa hakuwahi kukisikia. Kilikuwa kikohozi cha mtu mwenye aibu.

Akasimama tu, mgongo kwa wote, chaki mkononi. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza dakika tano.

"Mama Zamda," alisema Mzee Mdoe, kwa sauti ndogo. "Hapa kwenye tumbo la pili nimepotea."

Watu wakageuka kumtazama. Mzee wa makamo yake hakuwahi kusema mbele za watu kwamba amepotea, achilia mbali kumwambia mke wa mwanawe. Chausiku alijikasirikia kwa namna ambayo hata barua hazikuwahi kumkasirisha. Alimfikiria yule kijana wa fimbo na cheti dirishani, akaona yeye anayetaka kumwacha mzee gizani kwa makusudi ni mbaya kuliko yule. Yule angalau hakujua anachofanya.

"Futa, baba," alisema. "Tuanze upya, mimi na wewe. Mimi sikuoni. Kwa hiyo kila mkono wako unapokwenda, niambie."

"Nashuka," alisema mzee.

"Shuka ndefu. Halafu?"

"Napanda nusu. Nazunguka... nazunguka kushoto."

"Hapana, baba. Upande wa mkono wa kulia chakula."

Kijiti kikakwaruza. "Nimezunguka. Nimefunga."

"Hiyo ndiyo b. Endelea, umebakiza moja, nayo umeshaiandika baada ya p."

Kijiti kikaenda bila kusimama. Bwana Hiza, aliyekuwa na saa mkononi, alisahau kuitazama, na dakika ishirini zikawa ishirini na mbili. Isihaka, aliyekuwa amesimama mlangoni, hakulalamika, na jambo hilo lihesabiwe kwa upande wake.

Chausiku alitoka nje akaketi juu ya jiwe. Alijua ameshafundisha. Alijua pia alichojifanyia. Mratibu alipotoka alisema neno moja tu: "Watano."

Wajumbe wawili walijaribu kuleta hoja. Ni mwanamke, ana darasa la nne, tena amewapa watu mgongo. Bwana Hiza aliwakaribisha ndani wakatazame sakafu. Walitazama, wakarudi, hoja ikafa. Jina la Chausiku likapelekwa Handeni, na wiki iliyofuata akaletewa sanduku la chaki, madaftari na kalamu nyekundu. Isihaka alikuja baadaye kuomba afundishe hesabu, akapewa, na tangu siku hiyo naye aliandika hewani akiwa amewapa watu mgongo.

Darasa lilijaa. Watu walipenda kule kujitaja wenyewe, na walipenda kufundishwa na mtu asiyewasimamia kichwani. Mzee Mdoe hakukosa hata siku moja. Alikaa kwenye magunia yake, akisema kwa sauti kila mkono wake unapokwenda, na mwalimu akimsahihisha kwa sikio. Alikuwa mzito wa kuanza lakini alichoshika hakukiachia. Baada ya miezi mitatu alisoma majina kwenye mifuko ya mbolea. Baada ya miezi sita alisoma tangazo la chama kwenye mlango wa ofisi, lote, akamkuta mwenyekiti karuka mstari alipowasomea watu.

Kila alichoongeza mzee, Chausiku alikipima kwenye barua za sandukuni. Mwandiko wa Rehani alikuwa anaujua, umelala na kubanana. Mzee bado hauwezi, alijiambia. Bado kidogo. Mara mbili alifika mpaka kwenye ukuta wa baraza ili aseme mwenyewe, na mara mbili alirudi jikoni. Kama angesema, ingekuwa vyema zaidi, na yeye alilijua hilo. Mdomo uliofundisha watu arobaini ulishindwa na ukuta mmoja.

Mwaka 1974, mvua za vuli zilipokaribia, ikaja barua ya nne. Zamda ndiye aliyeipokea ofisini akampelekea babu yake. Jioni Chausiku alijifunika khanga akakaa mahali pake nyuma ya ukuta, akasubiri kuitwa. Hakuitwa. Upande wa pili alisikia karatasi ikikunjuliwa, na sauti ya mzee ikinong'ona silabi moja moja, ikirudi nyuma, ikianza tena. Ilichukua muda mrefu. Kisha kigoda kikasogezwa, na mlango wa chumba cha mzee ukafungwa, na baada ya hapo akasikia sanduku likifunguliwa.

Wiki ile Mzee Mdoe hakuja darasani. Wiki ya pili hakuja. Chakula alikula, salamu zilizopelekwa na Zamda aliitikia, na zaidi ya hapo hakukuwa na neno. Chausiku alifunga khanga zake mwenyewe kwenye furushi ili asifungiwe na mtu. Alifundisha akitazama ubao, na nyuma kwenye magunia hapakuwa na kikohozi. Darasa lilikuwa limefika kwenye kuandika barua. Aliwaambia kila mmoja aandike barua kwa mtu aliye mbali, ailete isahihishwe. Mtihani wa taifa ulikuwa unakuja mwaka uliofuata, na barua ilisemekana itakuwemo.

Siku ya kuzikusanya, watu walikuwa wameshaondoka na yeye anafuta ubao, alipokisikia kikohozi mlangoni. Hakugeuka. Hatua zikaja mpaka mezani, daftari likawekwa, hatua zikarudi mpaka kwenye magunia.

"Na yangu," alisema Mzee Mdoe. "Isahihishe sasa hivi. Basi linaondoka kesho asubuhi, na sitaki mtoto anicheke kwa makosa."

Chausiku alichukua daftari akaligeuzia kwenye mwanga wa dirisha. Mwandiko ulikuwa mkubwa, kila herufi imesimama kwa miguu yake.

"Mwanangu Rehani. Salaam. Ni mimi baba yako naandika kwa mkono wangu. Barua zako nne nimezisoma mwenyewe. Chausiku alinisomea mambo ambayo hukuandika na mimi nina hasira naye mpaka leo. Lakini alijua kwamba nikisoma nitayaona na akanifundisha. Kwa hiyo haendi kwao. Mashamba ni yake na Zamda. Wewe ukitaka kuja kutusalimu njia unaijua. Mimi baba yako Mdoe."

Alisoma mpaka mwisho, akarudi juu akasoma tena. Machozi yalimshuka mpaka kwenye kidevu na hakuyafuta, kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa imeshika daftari. Alitaka kuomba msamaha, lakini mzee alikuwa anasubiri kazi yake. Basi akaketi, akachukua kalamu nyekundu. Kulikuwa na makosa manne, na koma hazikuwepo mahali popote. Aliyasahihisha yote, moja baada ya jingine, akaandika alama chini ya ukurasa.

"Nimepata ngapi?" aliuliza mzee kutoka kwenye magunia.

Ingekuwa rahisi sana kusema kumi.

"Saba, baba," alisema Chausiku.